Majani Yasiyopandwa na Mtu

Makaburi ya mtaa wetu, huku upande wa Mbagala, ni madogo, na nyumba zimeyabana pande zote. Ukisimama katikati unasikia redio za majirani na harufu ya mihogo inayokaangwa nje ya ukuta. Nilipohamia hapa na marehemu mke wangu ukuta haukuwepo, na makaburi yaliishia kwenye mikorosho. Sasa mikorosho haipo, na yeye yumo ndani ya ukuta.

Sisi wa hapa tuna desturi mbili ambazo ukizitazama vizuri hazipatani. Ya kwanza, tumefundishwa tangu utotoni kwamba kila kilicho kibichi kinamsabihi Mola wake, kwa hiyo mmea uliojiotea juu ya kaburi haung'olewi ovyo. Aliye chini yake hupata nafuu. Ya pili, ukiingia mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, vijana wa msikiti hubeba majembe na mafyekeo kwenda kusafisha makaburi, na kila mmoja anataka fungu lake la thawabu. Mimi ndiye ninayeonyesha mahali pa kuchimba kaburi jipya, ni kazi niliyopewa na wazee waliotangulia, na nilizipatanisha desturi hizo kwa njia yangu. Njia na makaburi mapya yasafishwe. Kona za zamani, za watu ambao jamaa zao wamehama au wamekwisha, ziachwe. Basi kona zile zikaota majani ya kila namna, na mimi nikipita hapo nilikuwa nikitoa salamu kwa waliolala, lakini majani sikuyatazama.

Aliyenifanya niyatazame ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, ambaye ameishi nami tangu alipoanza chuo kikuu. Anasoma ekolojia, yaani elimu ya viumbe na namna wanavyokaa pamoja. Baba yake, mwenye duka Kigamboni, hakuipenda elimu hiyo. Alimwambia mbele yangu, "Wenzio wanasoma famasi, wewe unasoma majani. Majani hata mbuzi anayajua."

"Anayajua, baba, ila hajui kuyahesabu," akajibu binti.

Nilicheka, na haikuwa busara, kwa sababu mwanangu alikunja uso. Akasema neno ambalo sote wawili tulilibeba mwaka mzima: "Huu ndio mwaka wako wa mwisho. Ukipita bila hicho cheti, mwakani nakutaka dukani. Sitangoja tena."

Ili apate cheti ilimpasa afanye utafiti wake mwenyewe na auandike. Wenzake walikwenda kwenye msitu wa Pugu. Yeye aliniomba ruhusa ya makaburi.

"Kwa nini usiende Pugu na wenzio?" nikamuuliza. "Kule kuna miti ya maana."

"Babu, mti wa Pugu hautakufa mbele ya macho yangu. Nitakufa mimi kwanza. Lakini majani ya makaburini yanazaliwa na kufa ndani ya msimu mmoja. Nataka kuona akifa mmoja, nafasi yake anaichukua nani."

Nikazungumza na wazee wa kamati ya msikiti. Wakakubali kwa sharti avae stara na asikanyage kaburi. Mwisho wa mvua za vuli akaenda na vijiti na kamba, akapima miraba midogo kati ya makaburi ya zamani, kila mmoja unakaribia ukubwa wa mswala. Kila asubuhi alikuwa anapiga magoti pembeni ya mraba na kuhesabu mmea mmoja mmoja. Mpango wake ulikuwa ahesabu tena masika yakiisha, alinganishe, aandike.

Mimi nilikuwa nikikaa karibu naye kwenye kigoda na tasbihi yangu, kwa sababu si vizuri binti kukaa peke yake makaburini. Nikaanza kuyaona. Ukoka ulikuwepo kila mraba, umetanda. Ndago vilevile. Halafu mbigili, kifauongo, mchicha pori, kivumbasi, na mengine ambayo sikuwahi kuyapa jina katika maisha yangu yote, moja hapa, moja kule, mengine moja tu katika makaburi yote. Nilimwonyesha jani dogo lenye ua la buluu kama punje ya mtama. Nilimuuliza wenzake wako wapi.

"Hana wenzake, Babu. Humu ndani yuko peke yake."

"Maskini."

"Si maskini. Ndivyo ilivyo kila mahali. Pugu, aina chache za miti zimejaa, na aina nyingi zina mti mmoja mmoja. Konokono wa pwani hivyo hivyo. Vipepeo hivyo hivyo. Nenda popote, utakuta aina chache zina watu wengi, na aina nyingi zina watu wachache."

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Nimesoma dini maisha yangu yote, nimesomesha watoto wa mtaa huu mpaka wakaleta watoto wao, na sikuwahi kuambiwa kwamba uumbaji una sura hiyo moja, baharini, msituni na juu ya makaburi yetu.

Nikataka kujua sababu. Nilimpa zangu: mbigili una miiba, mbuzi haugusi, ndago ina vitunguu chini ya ardhi, ukiikata inacheka. Akakubali kwamba hizo ni sababu za kweli. "Lakini mwalimu wetu ametupa swali gumu zaidi," akasema. "Tukiziweka kando sababu zote, tukasema kila mmea ni sawa na mwenzake, hakuna mwenye nguvu wala mnyonge, ile picha ya wachache kuwa wengi itapotea au itabaki?"

"Itapotea," nikasema. "Kama wote ni sawa, watakuwa sawa kwa idadi."

"Haya, tujaribu."

Jioni baada ya alasiri akaja uani na kapu la vifuniko vya soda alivyookota kwa mwenye kibanda, vya rangi mbalimbali, kila rangi idadi ileile. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Nichomoe kifuniko kimoja bila kutazama, nikitupe: huyo amekufa. Kisha nichomoe kingine bila kutazama, nitazame rangi yake, nikirudishe pamoja na ndugu yake wa rangi ileile: huyo amezaa, na mwanawe amechukua nafasi ya aliyekufa. Kapu lisizidi wala lisipungue. Basi.

Nilidhani ni mchezo wa dakika chache. Tulicheza siku kadhaa, kila jioni mpaka adhana ya magharibi. Mwanzoni hakikutokea kitu. Halafu, polepole, rangi ya machungwa ikaanza kuwa nyingi. Haikuwa na sababu. Vifuniko vyote ni bati lilelile, uzito uleule, na mkono ni wangu mimi. Nyeupe ikapungua, kijani ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Ile nyekundu ikabaki moja. Nilijikuta nakihurumia kile chekundu. Vidole vyangu vikawa vizito kila nilipoutia mkono kapuni.

"Babu, unachungulia."

"Sichungulii."

"Unapapasa. Nyekundu ina kovu pembeni, na wewe unaijua."

"Sasa nimuache afe hivi hivi?"

"Ndiyo, Babu. Akiitwa, aende."

Akaitwa. Kapu likabaki bila nyekundu, na nikaelewa kuwa kwa kanuni ile nyekundu haitarudi milele, hata tucheze mpaka Kiyama. Mjukuu wangu akachukua kifuniko kipya chekundu mfukoni mwake, akakitumbukiza. "Huyu ni mgeni," akasema. "Ameletwa na ndege, au upepo. Bila wageni, Babu, mwishoni inabaki rangi moja tu." Kisha tukamwaga vifuniko kwenye sinia tukavipanga. Rangi mbili zilijaa, na nyingine zilikuwa na vichache vichache. Ilikuwa ileile sura ya makaburini.

Sikuupata usingizi vizuri. Nilichokiona kilinistaajabisha, na kilinitia mashaka pia. Asubuhi nikamwambia, "Mwanangu, elimu hii imemtoa Mola. Mmeweka bahati mahali pake."

Hakukasirika. Alikuwa anakoroga uji. "Mfano huu wa vifuniko hausemi nani ameushika mkono unaochomoa, Babu. Unanizuia mimi tu. Unanikataza kusema mmea huu umejaa kwa sababu ni bora, kabla sijaona kama ungeweza kujaa bila ubora wowote."

 Jibu sikulipata kwake, nililipata siku chache baadaye katika kazi yangu mwenyewe, nilipoitwa kugawa mirathi ya jirani. Mafungu katika mirathi yanajulikana, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Lakini ndugu wawili wakiwa na haki sawa, na kiwanja kina upande wa barabarani na upande wa shimoni, nani achukue upi? Hapo tunapiga kura. Nimefanya hivyo mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kwa kupiga kura nimemtoa Mungu katika jambo lile. Ninayetoka ni mimi. Natoa upendeleo wangu, urafiki wangu na marehemu, huruma yangu kwa mdogo, nabaki nimekunja mikono, na kinachotoka tunakipokea kwa bismillahi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu, "Huo mfano wenu ni kura."  "Ni kura, Babu," akasema, "inayopigwa kila siku, kwa kila jani." Tangu hapo sikumsumbua tena.

Shaaban ikaingia. Mimi nilikwenda Segerea kukaa na shemeji yangu aliyekuwa mgonjwa. Wazee wa kamati walijua habari za kamba, lakini hakuna aliyewaambia vijana. Niliporudi nilimkuta kiongozi wa vijana ananingoja barazani kwangu, amefurahi, mikono ina malengelenge.

"Maalim, shikamoo. Mwaka huu tumejitahidi, utaona mwenyewe."

"Marahaba. Mungu awalipe. Mmesafisha wapi?"

"Kote. Halafu zile sehemu zako ulizozipima kwa kamba, sie tukaanza na hizo. Tumeparua mpaka udongo mtupu. Hata mizizi hakuna."

Nikakaa chini. "Sehemu zangu zipi?"

"Si zile za makaburi mapya? Tuliona zimeshapimwa, tukasema Maalim ameona mbali, Ramadhani hii watu wataondoka." Akapunguza sauti. "Ila mmoja akasema vipimo vifupi, labda ni vya watoto. Tukahuzunika kweli. Tukakusomea dua."

Sikuweza kumgombeza. Angewezaje kujua kwamba mtu anaweza kupima udongo wa makaburini kwa kamba ili ahesabu majani? Katika mtaa wetu kamba makaburini ina maana moja.

Miraba karibu yote ilikuwa imeparuliwa. Ile michache iliyo kando ya ukuta ilisalimika kwa kuwa adhuhuri iliadhiniwa wakaacha. Mjukuu wangu alikwenda, akatazama, akarudi, akaingia chumbani. Jioni alitoka macho yamevimba. Alisema bila kulalamika kwamba hesabu ya kwanza sasa haina ya pili, kwamba wale aliowahesabu, hata lile la ua la buluu, hawapo, na kwamba utafiti mwingine ungebidi uanze vuli ijayo.

"Vuli ijayo niko dukani, Babu."

 Nilimwambia tu kwamba asubuhi tutakwenda kama kawaida. Akauliza kufanya nini. Nikasema, kukaa. Subira niliyofundishwa mimi huanza hivyo, mtu anakwenda mahali pake pa kazi hata kama kazi imeondoka.

Tukakaa. Udongo ulikuwa mwekundu, mkavu, umepasuka. Ramadhani ikaanza, tukawa tunakwenda tukiwa tumefunga. Kisha masika yakaanza, mvua ikanyesha usiku kucha, na siku chache baadaye ule udongo mtupu ukaota vijidoti vya kijani, kama mtu amepiga rangi kwa ncha ya sindano. Mjukuu wangu akapiga magoti. Alikaa pale muda mrefu, akaenda mraba wa pili, akaenda wa tatu, akarudi wa kwanza.

"Babu, njoo uone hapa. Hii miwili inapakana."

Nikaja na kigoda changu. Miraba miwili, kati yake hatua moja, udongo mmoja, mvua moja, jembe moja. Mmoja ulikuwa umejaa mchicha pori. Wa pili haukuwa nao hata mmoja. Ulikuwa na kivumbasi, na katikati yake kitu chenye majani mawili ya mviringo ambacho hata yeye hakukijua.

"Nafasi zilikuwa wazi," akasema taratibu. "Aliyefika ndiye aliyeingia."

Akatoa daftari lake, akaanza kuhesabu upya. 

Alimwita mwalimu wake, mwanamama mpole mwenye miwani, akaja na viatu vya mvua. Alizunguka miraba yote, iliyoparuliwa na iliyosalimika, akauliza nani alifyeka. Nikamweleza habari ya kamba na vijana na dua waliyonisomea. Alijitahidi asicheke kwa kuwa alikuwa makaburini, akashindwa.

"Binti," akasema, "hawa vijana wamekufanyia kitu ambacho mimi nisingethubutu kukuomba. Wameondoa kila kitu kwa usawa, bila kupendelea. Usiandike utafiti ulioupanga. Andika huu. Lakini una masika haya tu, hakuna mengine."

Basi akahesabu kila siku, mvua isimzuie, na jioni aliingiza hesabu katika kompyuta akiipigisha ile kura ya vifuniko mara maelfu, kuona kama sura inayotoka inafanana na ya miraba. Mara nyingi ilifanana. Siku moja akaniita kwa furaha, nikadhani amepata alichotaka. Kumbe alitaka kunionyesha palipokosea: ukoka uliota haraka kuliko kura yoyote, kwa kuwa vipande vyake vilibaki udongoni. "Hapa mfano umeshindwa, Babu. Hapa sababu ipo, na nimeiona." Nilistaajabu. Mimi nimezoea watu wanaoficha pale hoja yao inapovuja.

Kabla masika hayajaisha akafariki jirani yetu muuza vitumbua, mama aliyewalisha watoto wangu wote asubuhi kabla ya shule. Wanawe waliomba alazwe karibu na mumewe, kona ya zamani. Kiongozi wa vijana akanijia na kunong'ona, "Maalim, pale si ndipo ulipopima?" Ndipo palepale, katika mraba wa yale majani mawili ya mviringo.

Nilimkuta mjukuu wangu jikoni, nikamwambia. Ningeweza kuonyesha mahali pengine, kwa udhia kidogo, na yeye alilijua hilo. Aliuweka mwiko chini.

"Hesabu ya mwisho bado wiki mbili," akasema.

"Najua."

"Maziko saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

Akajitanda kanga, akaenda, nikamfuata. Alihesabu mraba ule kama ulivyokuwa, kwa mara ya mwisho, hakuharakisha. Kisha aling'oa vijiti kimoja kimoja, akaikunja kamba. "Ana haki nao kuliko mimi," akasema. Wachimbaji walikuwa wamesimama mlangoni na majembe begani, wanangoja, na hakuna aliyemhimiza.

Masika yakaisha, akaandika, akapeleka. Siku aliyoitwa mbele ya walimu wake nilikuwa nimetoka makaburini kuonyesha mahali pa kuchimba, nikiwa nimeketi barazani natia maji ya udhu. Akaja kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya mvua ya jana.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wamepokea. Nirekebishe sehemu moja tu, halafu nimemaliza."

Nikamshukuru Mungu, kwa sauti na kimoyomoyo. Kisha nikamuuliza sehemu gani.

"Ya wageni. Wanasema nimewakadiria wachache mno. Kuna majani yameota mle ambayo mama yao hayumo ndani ya ukuta, na si mbegu za upepo. Wameniuliza wameletwa na nani. Nikasema ndege. Wakasema ndege gani, kila wiki?" Aliketi chini kwenye ngazi, karibu na miguu yangu. "Babu, siku ya maziko ya mama wa vitumbua watu walitoka wapi?"

Nikamtajia. Ndugu zake walitoka Kinondoni, wengine walivuka kutoka Kigamboni, gari zima lilitoka Kisarawe. Nilipokuwa nazungumza nikaona hanitazami usoni. Anatazama pindo la kanzu yangu. Vijimbegu vyeusi, vyembamba, vya kishona nguo, jani ambalo mbegu zake hunasa nguoni, vilikuwa vimejipanga pale chini tangu asubuhi, na mimi sikuvihisi.

Nikafikiria maiti wote niliowasindikiza ndani ya ukuta ule, na maelfu ya miguu iliyokuja nyuma ya majeneza, na kanzu, na kanga, na udongo wa Kisarawe na wa Segerea katika nyayo za makubadhi. Tulidhani tunakwenda kumweka mtu mmoja ardhini. Kumbe kila mara tulikuwa tunaingia na umati mwingine, hatuuoni, na kila mmoja wao alikuwa anapata pa kukaa. Subhanallah.

"Usitikisike, Babu," mjukuu wangu akasema, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuviweka kwenye kiganja chake.

Nikasimama wima, mikono nimeifunga kifuani, nikamwacha ahesabu.